Titi la Mwalimu Breki

Mwalimu Breki alikuwa na uvimbe kwenye titi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukataa katakata kwamba ana titi.

"Mimi nina kifua," alimwambia mkewe, huku akiivuta fulana chini kama mtu aliyechunguliwa bafuni. "Titi unalo wewe."

Mkewe alimtazama toka juu mpaka chini. Alikuwa muuza viatu, na kazi ile ilikuwa imemzoesha watu wa namna hiyo. Kutwa alipiga magoti mbele ya wateja waliokunja vidole ndani ya kiatu kisichowatosha, wakachechemea hadi kwenye kioo, wakarudi na kumwambia kinawakaa vizuri mno. Uso wa mtu anayeumia huku anadanganya aliujua hata kwa kuutupia jicho mara moja. Mumewe alikuwa ameuvaa uso huo kwa siku kadhaa, na jioni ile, alipomwona anavua shati huku amempa mgongo, akamgeuza kwa bega kama mtoto mdogo. Kitambaa cha kufutia jasho kikadondoka. Alikuwa amekikunja na kukibandika upande wa kushoto, juu ya chuchu.

"Haya. Hicho kilichoota chini ya chuchu ya hicho kifua chako, kinaitwaje?"

"Ni mkanda."

Mkanda wa gari, alimaanisha. Mwalimu Breki alifundisha udereva, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake kwa sababu gari la shule lilikuwa na pedali za breki pande mbili, naye ya kwake aliikanyaga kabla mwanafunzi hajapata hata nafasi ya kukosea. Kutwa nzima mkanda ulimpita kifuani, na kila alipokanyaga breki ulimbana. Kwa hesabu zake, mkanda ndio uliomwotesha kitu. Lilikuwa jambo la ajabu kweli, maana watu wote waendao kwa magari hufunga mikanda na hakuna anayeota chochote, ila yeye peke yake mkanda ulimchagua.

Muuza viatu aliweka kidole. Kitu kilikuwa kigumu, cha ukubwa wa punje ya harage kavu, na hakikukimbia kidole. Chuchu yenyewe ilikuwa imeanza kuingia ndani. Hakumwuliza kama kinauma, kwa sababu angedanganya.

"Kesho hospitali," alisema.

"Kwa ajili ya mkanda?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekumbuka mambo mawili. La kwanza, mama yake Mwalimu Breki alikufa kwa saratani ya titi. La pili, dada yake aliugua hiyo hiyo, akakatwa titi, na mpaka leo yu hai na mdomo wake haujapungua hata kidogo. Lakini katika ukoo ule ugonjwa huo ulikuwa mali ya wanawake. Mazungumzo yake yakianza, wanaume walisimama na kwenda nje kuangalia kama mvua inakuja. Dada huyo, wifi yake muuza viatu, kila alipokuja kuwatembelea alimvuta pembeni na kumwuliza, "Wifi, umejipima?" Eti ajipime muuza viatu, aliyetoka ukoo mwingine kabisa, kana kwamba ugonjwa ule aliukuta umeandikwa kwenye cheti cha ndoa. Kaka yake aliyenyonya ziwa lile lile hakuulizwa hata siku moja.

Basi Mwalimu Breki hakwenda hospitali. Alikwenda gereji kwa mdogo wake, fundi magari, akamweleza habari za "rafiki yangu mmoja" mwenye kauvimbe kifuani. Fundi huyo, ambaye hata gari likitoa moshi huanza kwa kulipiga teke, alifikiri kidogo akasema ni msuli umejikunja, dawa ni kuuchua. Akatoa chupa ya dawa ya kuchulia wachezaji mpira. Rafiki akachuliwa asubuhi, rafiki akachuliwa usiku. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, na wanafunzi wa udereva wakawa wanajifunza madirisha yakiwa wazi hata mvua ikinyesha. Harage likawa sawa na kokwa.

Katikati ya mambo hayo, binti yao alikuja kukaa nao siku mbili tatu na mtoto wake mchanga. Binti huyo alikuwa mpima ardhi, mtu wa kushinda juani na vyombo vyake, mchapakazi, mwenye mdomo wa mama yake na paji la uso la baba yake. Alipomkumbatia baba, akarudi nyuma. "Baba, unanuka duka la dawa." Baba akasema ni misuli, umri huu. Mama akasema chakula kipo mezani. Binti akala, akanyonyesha, akaondoka.

Baada ya hapo muuza viatu alianza vita. Asubuhi hospitali, jioni hospitali, chai hospitali. Hatimaye mume akavaa shati lake zuri akaenda, na kabla chai haijapoa akawa amesharudi.

"Wamekuambiaje?"

"Kumejaa."

Kumejaa nini, ilibidi amkamue. Kliniki ya matiti ilikuwa mwisho wa korido, na mlangoni palikuwa na picha ya mwanamke. Nje ya mlango palikuwa na benchi refu, na benchi zima lilikuwa la wanawake. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake, ambaye siku moja alimfokea mpaka akalia kwa kushindwa kurudi nyuma na gari. Akamsalimia kwa heshima zote: "Shikamoo, Mwalimu. Umemleta mama?" Naye akajibu kwamba ndiyo, mama yuko chooni, anakuja. Kisha akapita kama anakwenda chooni kumwangalia huyo mama, akaingia mitini.

"Kwa hiyo mimi niko chooni mpaka sasa," alisema muuza viatu.

Mume hakucheka. Aliketi, akapangusa paji la uso, akatoa wazo lake. Kwa kuwa pale ni mahali pa wanawake, aende yeye. Aeleze kila kitu kama kilivyo, ukubwa, upande, chuchu kuingia ndani, aseme ni vyake. Watamwambia ugonjwa gani na dawa gani. Dawa itakuja nyumbani, yeye ataimeza. Tatizo liko wapi?

Muuza viatu alisonya kwa nguvu. Lakini mume aliapa kwamba yeye pale benchini hakai, na alikuwa mtu wa kushika viapo vya kipumbavu. Kwa hiyo mwanamke huyu mwenye akili zake timamu, aliyekuwa akiwacheka wateja wake kila siku, akachukua mkoba akaenda kuugua kwa niaba ya mtu. Tumcheke na yeye. Anastahili.

Muuguzi wa kliniki alikuwa kijana mwenye sauti ya upole na maswali mengi. Umri wako, mama? Hedhi ilianza lini, na imekwisha? Umezaa mara ngapi, ulinyonyesha? Pombe unatumia? Mama yako mzazi au dada zako, kuna aliyepata saratani ya titi?

"Hapana. Ila mama mkwe. Na wifi."

Muuguzi aliinua kichwa. "Mama, hao si damu yako. Ugonjwa wa mama mkwe haukuhusu wewe. Unawahusu aliowazaa, wa kike na wa kiume, na wajukuu wake."

Neno hilo la mwisho lilimkumbusha binti yake, akataka kuuliza, lakini jina lake likaitwa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alimpima akiwa ameketi, akampima akiwa amelala, mikono juu, mikono chini, kwapa zote mbili. Akampaka ute wa baridi na kumwangalia kwa altrasaundi. Kisha akasimama, akajifuta mikono.

"Umeniambia kokwa chini ya chuchu ya kushoto. Hapa hakuna kokwa. Hakuna hata mchele."

Muuza viatu alitazama ukuta. Halafu akasema yote, mkanda, shemeji, chupa ya kuchua, mama aliyeachwa chooni. Daktari hakucheka wala hakukasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, akateremsha miwani.

"Mumeo akiumwa jino, huwa unang'olewa wewe?"

"Hapana, daktari."

"Mlete. Wiki hii. Usimwache aendelee kuchua."

Akarudi nyumbani amejipanga. Kosa lake likawa kuanza vibaya. Mume alikuwa amesimama mlangoni, na yeye akasema, "Mimi nimeambiwa sina kitu, lakini..." Hiyo lakini haikufika popote. Mwalimu Breki alikuwa ameshainua mikono. Si alisema? Si alisema tangu mwanzo kwamba ni mkanda? Akapiga simu gereji kumwambia mdogo wake kwamba rafiki amepimwa na mashine, yuko salama.

"Walinishika mimi," mkewe alisema. "Mimi, mwanamume wewe. Mwili huu hapa."

"Maelezo yalikuwa yangu."

"Maelezo hayana chuchu."

"Daktari ni mtu aliyesoma. Kwa maelezo yale, kama ni kitu kibaya angeshtuka. Alishtuka?"

Ukimwuliza mtu mzima swali kama hilo unategemea aone haya mwenyewe. Yeye hakuona. Usiku huo alikula sahani mbili akaimba bafuni. Mtu huyu siku zote aliwafokea wanafunzi waangalie vioo, wasiamini barabara kwa kusikia honi tu, na sasa alikuwa amepimwa akiwa sebuleni kwake, mikono mfukoni, na akapona. Muuza viatu alilala akitazama dari kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, maana alimpenda mpumbavu yule na hakutaka kumzika.

Siku chache baadaye, akikusanya nguo za kufua, aliona doa kwenye fulana ya mumewe. Dogo, jekundu, upande wa kushoto, mahali pa chuchu hasa.

"Kalamu," mume alisema kabla hajaulizwa. "Kalamu nyekundu imevuja."

Fulana haina mfuko. Muuza viatu hakubishana naye. Aliikunja akaiweka kwenye mkoba wake, na asubuhi akasema kwa sauti tamu, "Nifundishe gari."

Kwa miaka mingi mume alikuwa amemnyima, eti hana subira na klachi. Lakini siku hizo Mwalimu Breki alikuwa mtu mwenye furaha, na zaidi ya hapo alifurahi kwamba leo hospitali haikutajwa. Akamketisha kwenye usukani, akamrekebishia kioo, akafunga mkanda wake kwa kuupitisha chini ya kwapa, jambo ambalo mwanafunzi angelifanya angeteremshwa. Wakaondoka kwa kurukaruka. Gari lilizima mara kadhaa, kila mara akamfokea, na kila mara mkewe akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," mpaka walipofika njia panda ya hospitali. Hapo akawasha taa ya kukata kona.

Breki ikakanyagwa. Gari likasimama katikati ya njia panda, kibao cha shule ya udereva kikiwa juu ya paa, kinaonekana pande zote.

Muuza viatu akazima injini. Akachomoa ufunguo, akaukalia.

"Washa gari."

"Toa mguu kwenye breki."

"Watu wanatuangalia."

"Waache. Nikishuka nitawaeleza kwa nini tumesimama. Fulana ninayo kwenye mkoba. Na sauti yangu unaijua."

Honi zikaanza nyuma, zikaja za kushoto na za kulia. Askari wa barabarani akaanza kuja taratibu, akivuta kofia. Mwalimu Breki alitoka jasho lakini mguu haukutoka. Ndipo likapita gari la shule nyingine ya udereva, mwalimu wake ametoa kiwiko dirishani, akapunguza mwendo makusudi. "Mwalimu, mwanafunzi kakushinda?" akasema, na mwanafunzi wake akacheka.

Uvimbe haukumtisha, chuchu iliyoingia ndani haikumtisha, damu haikumtisha. Alichokiogopa ni kuchekwa na mwalimu wa shule ya jirani. Mguu ukatoka. Muuza viatu akawasha gari, akakata kona, akaingia getini na kukikwangua chungu cha maua, na safari hii hakufokewa.

Kwenye korido alimwacha makusudi. Yeye alisimama ukutani, mikono amekunja, mume akaenda peke yake hadi kwenye benchi. Mwanamke mmoja mzee alisogeza mfuko wake.

"Umemsindikiza mama?"

Mwalimu Breki alifungua mdomo, akamtazama mkewe kule ukutani. Mkewe akatazama saa yake.

"Hapana," alisema. "Ni mimi."

Miezi yote ile alikuwa amekiogopa kicheko cha benchi lile. Akakisubiri. Mwanamke mzee alimtazama, akatazama mahali alipoketi. "Basi inuka kidogo, baba. Umekalia mtandio wangu." Akainuka, akauvuta, akaketi tena, na wanawake wakaendelea kuzungumzia bei ya unga.

Zamu yake ilipofika, mkewe aliingia naye. Maswali yalikuwa yale yale, ila safari hii majibu yalikuwa na uzito. Mama mzazi? Ndiyo. Dada? Ndiyo. Uvimbe tangu lini? Mwalimu Breki akajikwaa, mkewe akajibu. Daktari alimpima, akakaa muda mrefu kwenye kwapa la kushoto.

"Wanaume wana matiti, baba. Madogo, lakini yapo, na saratani inayaona. Katika wagonjwa mia wa saratani ya titi, mmoja hivi ni mwanamume, na mara nyingi huja amechelewa kwa sababu alikuwa na shughuli ya kuona haya."

"Siyo mkanda?"

"Mkanda haukuotesha kitu. Uligusa tu kilichokuwepo."

"Lakini huenda si hiyo."

"Huenda. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini vidole vyangu havitoshi kujua, wala maneno ya mkeo hayatoshi. Tutapiga picha, kisha tutachukua kinyama kidogo kwa sindano, maabara ndiyo itakayosema. Kwa mtu wa umri wako, mwenye mama na dada waliougua na chuchu inayotoa damu, sipendi kusubiri."

Maabara ilisema. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshapita kidogo kwenye tezi za kwapani. Daktari aliwaeleza bila kuzunguka. Titi litaondolewa, tezi zitaondolewa, kisha dawa, huenda na mionzi. Watu wengi huishi. Wangeishi wengi zaidi kama wangekuja uvimbe ukiwa bado harage. Mwalimu Breki alisikiliza akitikisa kichwa polepole, na hakumlaumu mtu yeyote wala kitu chochote.

"Mna watoto?"

"Binti mmoja," alisema muuza viatu.

"Anajua?"

Wakatazamana. Binti alikuwa ameambiwa tangu utotoni asihofu, kwa kuwa mama yake hana ugonjwa huo, na ugonjwa wa titi mtoto huupata kwa mama. Ndivyo wifi alivyosema, ndivyo ukoo mzima ulivyosema.

"Baba hurithishwa, na baba hurithisha," daktari alisema. "Si lazima awe nao. Lakini lazima ajue, na apimwe. Shangazi yake, bibi yake, na sasa wewe. Mwambie leo."

Jioni muuza viatu alibonyeza namba, akaiweka simu mezani sauti ikiwa juu, akaisukuma upande wa mumewe. Kazi ya kusema kwa niaba yake alikuwa ameiacha. Binti akapokea, mtoto akisikika analia karibu.

Mwalimu Breki alianza na salamu. Akaingia kwenye mvua, akapita kwenye foleni za magari, akamwuliza habari za mashamba anayopima. Kisha akasema, "Sasa, juzi mama yako alikwenda hospitali..."

Mkewe aligonga meza kwa kidole, mara moja.

"Mama anaumwa?" aliuliza binti.

"Hapana. Mimi." Akaivuta simu karibu. "Mimi nina saratani ya titi. Titi langu. Imethibitishwa. Watanikata wiki ijayo. Na daktari anasema wewe damu ni yangu, kwa hiyo inakuhusu. Siyo ya mama yako. Ni ya kwangu."

Upande wa pili mtoto alisikika akibembelezwa. 

"Tangu lini?"

"Nilikuwa nayo ulipokuja," alisema baba. "Ile harufu."

"Na mama alijua."

Muuza viatu akainamia simu. "Nilijua," alisema.

"Subirini."

Wakasikia simu inawekwa chini. Wakasikia mlango unafungwa. Wote wawili walijua amekwenda kujipima. Mwalimu Breki alikuwa ameukandamiza mguu sakafuni kwa nguvu zote. Mkewe aliuona, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze hakuona cha kucheka. Akaweka mkono juu ya goti lake.

Mlango ukafunguka.

"Kuna kitu," binti alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Upande wa kulia. Kidogo. Nilidhani ni maziwa."

Muuza viatu alifumba macho. Akamsikia mumewe anasukuma kiti, anatafuta viatu chini ya meza.

"Usilale huko," Mwalimu Breki alisema. "Funga vitu vya mtoto, nakuja kuwachukua sasa hivi. Lile benchi hujaa mapema, na tukichelewa tutasimama."